Kusawazisha bustani na kupanda ukoka upya kwa bajeti ndogo, Arusha na Moshi

Mtu akichoshwa na uwanja wa nyasi wenye mabonde, wazo la kwanza huwa ni kuita fuso la udongo mwekundu. La pili ni kwenda kitaluni kununua nyasi za kufunika uwanja mzima. Yote mawili ni ghali, na mara nyingi hayahitajiki. Udongo wa kujazia mabonde huwa umo humo humo uani, umekaa kwenye nundu. Na ukoka hujizalisha wenyewe: mita moja ya mraba iliyoshiba hupandikiza mita nane hadi kumi, na hizo kumi, zikishashiba, hupandikiza mia. Kazi yako ni kupima kabla ya kuchimba, na kwenda na mvua badala ya kushindana nayo.

Mahesabu ya hapa ni ya uwanja wa mita 10 kwa 10. Wako ukiwa nusu ya huo, gawa kwa mbili.

Kalenda kwanza

Mwanzoni mwa Novemba, vuli ikianza, nunua au omba ukoka wa mita moja ya mraba, moja na nusu ukiweza, upande kwenye kona ya mita za mraba 10 ambayo haitaguswa na uchimbaji. Hicho ndicho kitalu chako. Desemba hadi Februari, kitalu kikiendelea kujaa, wewe unapima, unang'oa magugu na kusawazisha sehemu iliyobaki. Katikati ya Machi, masika ikishalowesha udongo vizuri, unang'oa kitalu na kutandaza kwenye uwanja wote. Unaacha vishina vya kutosha ili kona yenyewe ijifunike tena.

Ukikosa Novemba, usianze Juni. Kuanzia Juni hadi Agosti Arusha ina baridi na mawingu, ukoka unasinzia, na magugu ya baridi yanaupita. Moshi mjini ni chini zaidi, mita 800 hadi 900 hivi juu ya usawa wa bahari dhidi ya 1,400 za Arusha, kwa hiyo nyasi husogea kidogo. Lakini mvua hakuna, na kila tone utalilipia kwenye bili.

Kupima kwa mpira wa maji

Kusawazisha bustani si kuifanya tambarare kama meza. Uwanja uliolala kabisa hutuamisha maji, na maji yakituama siku mbili tatu mizizi hukosa hewa na ndago ikatawala. Kinachotafutwa ni mteremko mmoja usio na vikwazo, unaoshuka sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kutoka kwenye nyumba. Ukizidi sentimita 5 kwa mita, mvua ya Aprili itaondoka na udongo pamoja na vipando. Amua pia maji yataishia wapi. Mtaro ni sawa. Migomba miwili mitatu mwisho wa mteremko ni bora zaidi, inakunywa yote. Ukuta wa jirani si jibu.

Chombo cha kupimia ni ule mpira mwembamba, mweupe, unaoonyesha maji ndani, ambao mafundi wa ujenzi hutumia kwenye msingi. Mita 15 zinatosha, na fundi wa mtaani anaweza kukuazima kwa siku moja. Ujaze maji taratibu ukiwa umeuinua upande mmoja, hadi mapovu yote yatoke. Povu moja lililonasa katikati litakudanganya kwa sentimita kadhaa, na hutajua hadi masika. Hakikisha kwa kuleta ncha mbili pamoja: maji lazima yalingane.

Sasa chomeka kigingi karibu na nyumba na ukiwekee alama sentimita 30 kutoka ardhini. Msaidizi ashike ncha moja ya mpira kwenye alama hiyo, wewe nenda na ncha nyingine hadi kigingi cha mwisho, mita 10 mbele. Inua na shusha ncha yako hadi yeye aseme maji yamegusa alama yake. Pale yaliposimama kwako ndiyo usawa, weka alama. Kutoka hapo shuka sentimita 15, uweke alama ya pili: huo ndio mteremko wa sentimita 1.5 kwa mita. Funga kamba ya katani kutoka alama ya kwanza ya kigingi cha juu hadi alama hii ya pili, na uivute hadi ilie ukiigusa. Kamba ikilegea katikati, vipimo vyote vya katikati ni uongo.

Pita kwenye kamba na futi ya chuma. Kila baada ya mita 2 pima kutoka kamba hadi ardhini. Penye 30 pako sawa. Penye 36 pana bonde la sentimita 6. Penye 25 pana nundu ya sentimita 5. Kisha sogeza kamba mita 2 pembeni na urudie. Alama za kigingi cha juu za mistari yote zilingane kwa mpira. Usianze upya kutoka ardhini kwa kila mstari, la sivyo utakuwa unanakili nundu zilizopo. Mwisho utakuwa na vipimo 36 kwenye karatasi. Jumlisha sentimita za mabonde, jumlisha za nundu, utoe. Zikikaribiana, hununui hata toroli moja.

Zisipokaribiana, hesabu ni nyepesi: sentimita 1 ya udongo juu ya mita moja ya mraba ni lita 10, nusu ya ndoo kubwa ya lita 20. Uwanja wa mita za mraba 100 unaopungukiwa wastani wa sentimita 2 unataka ndoo 200 nusu nusu, yaani ndoo 100 kamili, au toroli kama 33 za lita 60. Ongeza moja ya tano, kwa sababu udongo uliolegezwa hushuka. Ukimwita mtu wa toyo au kirikuu, usikubali bei ya tripu kabla hujapima bodi yake: urefu, upana na kina kwa mita, uzidishe. "Tripu" ni neno tu, halina ujazo.

Kipi kichimbwe na kipi kijazwe juu

Bonde lisilozidi sentimita 3, lenye nyasi hai, halichimbwi. Kata nyasi ziwe fupi, mwaga udongo uliochekechwa unene wa sentimita 1 tu, sugua kwa mgongo wa reki hadi ncha za majani zionekane. Subiri wiki tatu, ukoka upenye, kisha rudia. Mwenye haraka humwaga sentimita 3 kwa mpigo mmoja na kuzika nyasi zake. Ukoka wenyewe huenda ukapenya baadaye, ila pemba, ile nyasi ya majani mapana ya kivulini, huweza kuoza.

Bonde la sentimita 3 hadi 8 hufunguliwa kama mlango. Kata kwa panga umbo la H, kina cha sentimita 5, ingiza beleshi chini ya nyasi, zikunje pande mbili kama mkeka. Chimbua kidogo chini ili udongo mpya ushikane na wa zamani, jaza, kanyaga, rudisha mkeka ukiwa umebaki juu ya jirani zake kwa kama sentimita 1. Utashuka wenyewe. Kwa nundu ni hivyo hivyo, ila unatoa udongo, na huo ndio unaopelekwa bondeni.

Zaidi ya hapo, au kama theluthi ya uwanja ni vipara na magugu, vunja yote uanze upya.

Udongo, samadi na vifusi

Weka viganja viwili vya udongo wako kwenye chupa ya maji ya lita moja, jaza maji, tikisa kwa dakika mbili, acha hadi kesho. Mchanga hutua chini kwa dakika moja, udongo laini juu yake, mfinyanzi hubaki ukitia maji tope kwa saa nyingi na kutua mwisho. Udongo mwekundu wa miteremko ya Meru na Kilimanjaro kwa kawaida hupitisha maji vizuri na hausumbui. Ule mweusi wa mbuga wa maeneo ya chini ndio mgumu: kiangazi unapasuka nyufa, masika unakuwa gundi.

Kwenye mbuga watu humwaga mchanga juu wakidhani wanatibu. Tabaka la mchanga juu ya mfinyanzi linakuwa sahani ya maji: mizizi inaishia hapo hapo mpakani, juu panakauka na chini panaoza. Jazia kwa udongo unaofanana na uliopo. Ukitaka kuulegeza, changanya mboji na pumba za mpunga kwenye sentimita 10 hadi 15 za juu. Pumba zinapatikana kwenye mashine za kukoboa upande wa Chekereni na Mabogini, na maganda ya kahawa yaliyoozeshwa yanafanya kazi hiyo hiyo. Kwa kujazia mabonde madogo, mchanganyiko mzuri ni ndoo 2 za udongo wa juu, 1 ya mchanga wa mto na 1 ya mboji iliyochekechwa, kama udongo wako si wa mbuga.

Usijaze bonde kwa samadi tupu, hata kama jirani mwenye ng'ombe wa ndani anakupa bure. Samadi huendelea kuoza na kunywea. Bonde ulilolijaza Machi litakuwa limerudi Septemba. Ichukue, ila iozeshe kwanza miezi miwili mitatu chini ya turubai, ukiigeuza. Ingiza mkono katikati ya rundo: kukiwa na joto, bado. Ya kuku ni kali zaidi na huunguza vipando vichanga.

Vifusi vya ujenzi viache. Saruji huharibu udongo, na kioo kitakusubiri siku mtoto anacheza peku. Angalia pia chanzo cha mchanga na samadi: gugu karoti limeenea Arusha, mbegu zake husafiri humo, na mmea wenyewe huwasha ngozi. Ukiuona, vaa glovu na uung'oe kabla haujatoa maua meupe.

Kuvunja na kusawazisha

Lowesha uwanja siku moja kabla, jembe liingie. Chota sentimita 10 za juu uzirundike pembeni juu ya turubai. Huu ndio udongo wenye uhai, na kosa kubwa la vibarua ni kuufukia chini na kuacha ule mfu juu. Sawazisha kwanza ule wa chini kufuata vipimo vyako, kisha rudisha wa juu kwa unene ule ule kila mahali.

Kabla ya kurudisha, shughulika na ndago na sangari. Ndago ina viazi vidogo vyeusi vilivyoungana kwa nyuzi. Jembe la mkono au trekta likipita juu yake linakata nyuzi hizo, na kila kiazi kinaamka kivyake: ulikuwa na mche mmoja, sasa una sita. Mwagilia uwanja, subiri wiki mbili ichipue, kisha ichimbue kwa uma wa shamba pamoja na viazi vyake. Rudia mara mbili. Wiki hizo ndizo zinazoujaza uwanja nyasi badala ya magugu, kwa hiyo Desemba na Januari hazipotei. Sangari huonekana kama kamba nyembamba nyeupe chini ya udongo. Chekecha kwa wavu, na usizitupe kwenye rundo la mboji. Anika kwenye bati hadi zikatike kama njiti.

Kwa kupitisha usawa, azima rula ya fundi ya mita 3 au tumia ubao ulionyooka wa 2 kwa 4. Uburute kwa kuuyumbisha kushoto na kulia kama mtu anayepiga zege, udongo wa juu ujae wenyewe kwenye vishimo. Palepale panapobaki nafasi chini ya rula ndipo pana bonde.

Kisha mwagilia kwa wingi na ushindilie. Pipa la plastiki la lita 200 lenye mfuniko, likitiwa lita 60 za maji na kulazwa, ni rola ya bure. Pitisha udongo ukiwa na unyevu tu; ukiwa tope utaganda kama tofali. Kipimo cha kutosha: kisigino cha mtu mzima kiingie kwa sentimita 1 hivi. Acha wiki mbili, mwagilia tena, jaza palipozama. Mabonde mengi yanayorudi baada ya masika ya kwanza ni mitaro ya mabomba na makaro iliyofukiwa bila kushindiliwa. Hizo fukia kwa matabaka ya sentimita 10, kila moja ikanyagwe kivyake.

Nyasi ipi

Kwenye jua la saa sita na zaidi, ukoka. Ni mgumu, unavumilia kiangazi na miguu ya watoto. Kwa wanaokaa juu kwenye ubaridi, Ilboru, Ngaramtoni, Kibosho, Machame, nyasi ya kikuyu hushona haraka zaidi, ila inataka maji na kukatwa mara kwa mara, na huvamia vitanda vya maua bila hodi. Chini ya mwembe au mgrivea, ukoka utakufa hata uupende vipi. Panda pemba, au acha kivuli kizito kiwe kokoto na maua.

Kupanda vipando

Ng'oa asubuhi, weka kwenye salfeti iliyoloweshwa, kivulini, na upande siku hiyo hiyo. Vilivyolala usiku kwenye salfeti kavu huwa vya njano, na nusu yake havitashika. Kata kwa panga vipande vya sentimita 10 hadi 15, kila kimoja kiwe na vifundo visivyopungua vitatu, kwa kuwa mizizi hutoka kwenye kifundo tu.

Samadi iliyoiva tawanya nusu ndoo kwa kila mita ya mraba, na mbolea ya DAP kilo 1 kwa uwanja wote, uchanganye na udongo wa juu. Chora mifereji ya kina cha sentimita 5, kila mmoja sentimita 20 kutoka mwenzake, ikikata mteremko, isishuke nao. Mimina maji kwenye mfereji kabla, si baada. Laza kipando kwa mshazari kila baada ya sentimita 10: vifundo viwili ndani, ncha yenye majani nje. Funika, kisha ubane kwa kisigino. Halafu jaribu kukivuta kwa vidole viwili. Kikitoka kirahisi kina hewa chini na kitakauka. Uwanja wote unakula vipande kama 5,000. Kwa watu wawili ni kazi ya siku mbili, na mgongo utakumbuka.

Ukipenda mbegu

Mbegu za ukoka zina faida moja: hazibebi ndago. Gramu 5 hadi 10 kwa mita ya mraba zinatosha, yaani kilo moja isizidi. Jaribu kwanza mbegu 50 kwenye kitambaa chenye unyevu kwa wiki mbili tatu. Zikiota chini ya 30, ongeza kiasi au rudisha pakiti dukani. Changanya kilo hiyo na lita 10 za mchanga mkavu, gawa mafungu mawili, moja limwage kwa urefu, jingine kwa upana. Reki nyepesi, zisizame zaidi ya nusu sentimita, kisha pitisha pipa. Panda mvua za vuli zikiwa nyepesi. Aprili utazikuta zote chini kwenye migomba. Sisimizi hubeba kiasi, kuku hubeba zaidi. Weka miiba au wavu wiki tatu za kwanza na uombe radhi kwa majirani mapema.

Maji na mwezi wa kwanza

Kusiponyesha, lita 5 kwa mita ya mraba kila siku kwa siku 14. Hiyo ni lita 500, nusu yuniti kwa siku, yuniti 7 kwa kipindi chote. Mbegu zigawie mara mbili, asubuhi na alasiri, kwa keni yenye matundu madogo. Mpira wa presha huzikusanya mahali pamoja. Baada ya hapo punguza idadi ya siku lakini ongeza kiasi: lita 10 kila siku ya tatu, mizizi ishuke kuyafuata. Maji ya kusuuzia nguo yanafaa, ya kwanza yenye povu zito na yenye dawa ya kung'arisha hapana.

Wiki ya tano au ya sita, weka mbolea ya UREA kilo 1 kwa uwanja wote. Kizibo cha soda kinabeba takriban gramu 5, kwa hiyo vizibo viwili kwa mita ya mraba. Tawanya majani yakiwa makavu, mwagilia mara moja, la sivyo utaona alama za kuungua kwa umbo la mkono wako. Mkato wa kwanza ni nyasi zikifika sentimita 8, zishuke hadi 5 au 6. Noa kwanja kabla. Kwanja butu halikati, linang'oa vipando.

Uwanja hufunga kwa wiki 8 hadi 12 za joto na maji. Vipara vilivyobaki baada ya hapo vina sababu, itafute kabla ya kupanda tena. Chomeka nondo: ikigota sentimita 5 chini, pana jiwe au saruji ya mafundi waliopita. Majani yakiliwa ghafla wakati wa mvua, changanya vijiko 3 vya sabuni ya maji kwenye lita 10, mwaga juu ya mita moja ya mraba. Kama ni viwavi jeshi watapanda juu ndani ya dakika chache. Hapo nunua kiuatilifu chenye lebo ya usajili wa TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania), na upige jioni, maana viwavi hula zaidi jua likishatua. Vilima vya udongo laini vinavyotokea usiku ni vya fuko. Shindilia njia zake upya na ujaze, kwa sababu ndizo zitakazozama Aprili.

Februari ya mwaka unaofuata funga tena kamba kwenye vigingi vile vile, uvisome vipimo 36. Patakuwa pamezama sentimita moja mahali fulani, na nusu ndoo ya udongo kwa kila mita inatosha.